Tupime Kwanza, Tuagize Baadaye

Gari lililosimama ni hasara ya watu wengi. Likiwa la mtu binafsi, hasara ni yake na ya wale wanaomtegemea. Likiwa la kituo cha afya, anayeilipa hasara hiyo ni mama mjamzito wa kijiji cha mbali, ambaye hakulivunja wala hakuwahi kulishika usukani. Kwa sababu hiyo, suala la magari yanayolala kwa hitilafu ya umeme si la mafundi peke yao, bali ni suala la uongozi.

Sisi wakazi wa visiwa tunaijua vyema dhiki ya vipuri. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika nchini. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu nayo ikaporomoka, baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa mazao yake yenyewe. Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kulegezwa, lakini bahari haikuondoka. Magari yetu mengi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, ya aina nyingi na ya miaka mbalimbali, na hakuna duka liwezalo kuweka kipuri cha kila moja. Aidha, maradhi ya UVIKO-19 yalipovuruga uzalishaji duniani, hata viwanda vikubwa vya magari vya Ulaya na Marekani vilipunguza kazi mwaka 2021 kwa kukosa vipande vidogo vya kielektroniki. Basi uhaba si hadithi ya zamani.

Lakini je, ni kweli kwamba kila gari linalosubiri kipuri linahitaji kipuri? Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu. Tunasema kwamba mara nyingi kilichokosekana si kipuri, bali ni kipimo.

Mwandishi wa safu hii alipata kuliona gari la ofisi moja ya umma lililokaa uani miezi mitano. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "stata mbovu". Ufunguo ulipozungushwa ulisikika mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Ombi la stata mpya likasafiri kutoka meza hadi meza. Hatimaye akaitwa fundi mmoja mzee, naye hakuanza na stata. Aliichaji betri, akaiacha itulie, akaipima na kupata volti 12.6. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na ncha ya pili kwenye chuma cha injini, akaagiza ufunguo uzungushwe. Mita, ambayo haikupasa kuzidi nusu ya volti, ilisoma zaidi ya volti mbili. Waya wa athi, yaani ule unaounganisha betri na bodi na injini, ulikuwa umeliwa na chumvi ndani ya ganda lake. Kwa nje ulionekana mzima. Mzee akakata waya mnene kutoka lori lililokufa, akasugua maungio kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akayapaka girisi. Injini iliwaka kabla ya adhana ya adhuhuri.

Miezi mitano ilipotea kwa waya usiofika urefu wa mkono! Wala stata haikuwa na kosa lolote.

Katika visiwa vyetu hewa yenyewe ni adui wa shaba. Chumvi huingia kwenye maungio, kutu ya kijani ikaota, na umeme ukapita kwa taabu. Taa hufifia na stata hukosa nguvu, kisha tunahukumu chombo kilicho mwisho wa njia, na mkosaji yuko katikati.

Hata chombo kikiwa kibovu kweli, si lazima kiwe kibovu chote. Stata hulika kaboni zake, au hulika vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ufunguo unapozungushwa. Fundi hodari huweza kuchonga vipande hivyo kwa shaba safi. Jenereta inayochaji betri, injini ikiwa inaunguruma, mara nyingi hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikipungua hapo, yafaa kuchunguza kwanza mkanda, maungio, kaboni, regyuleta na dayodi, kila kimoja mahali pake. Kutupa jenereta nzima kwa ajili ya kaboni mbili ni sawa na kununua jahazi jipya kwa kuwa kamba ya tanga imekatika.

Chuoni tulifundishwa alifu kabla ya kufunguliwa msahafu. Fundi anayebadilisha vifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, huku akilipwa kwa fedha za umma, ameuruka ubao. Na ofisa anayetia saini ombi lake bila kumuuliza amepima nini, naye ameuruka pamoja naye.

Hatusemi haya ili kusifu kila aina ya ujanja. Fyuzi ya ampea 10 inayoungua mara kwa mara inatoa habari kwamba umeme unapita kuliko inavyostahili, pengine kwa shoti. Mtu anayeiondoa na kuweka waya mtupu, au karatasi ya pakiti ya sigara, hakutengeneza gari. Amemnyamazisha shahidi, na moto utawaka chini ya viti vya abiria. Vilevile, baadhi ya magari ya mseto yanayoingia siku hizi hubeba umeme unaozidi volti 200, na mifuko ya hewa ya usalama huweza kufyatuka mikononi mwa asiyeijua. Hayo yaachiwe waliofunzwa. Nayo mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari isifanywe kadhi. Hutaja njia yenye hitilafu, lakini aghalabu haisemi kama mkosaji ni kifaa chenyewe au waya unaokiendea.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ombi lolote la kipuri cha umeme cha gari la umma liambatane na vipimo vilivyochukuliwa, vikiwa na saini ya fundi aliyepima. Ofisi zetu huelewa upesi ankara ya kitu kipya, lakini hazina mahali pa kuandika kwamba waya umesuguliwa na gari limepona. Mahali hapo pawepo. Pili, magari yaliyokwisha kufutwa yasipigwe mnada kabla ya nyaya, rilei na vifaa vyake vizima kutolewa, kupimwa na kuandikwa katika daftari la ghala. Tatu, vijana wa mafunzo ya amali, wa Mkokotoni na wa Vitongoji, wapelekwe kukaa na mafundi wazee ambao ujuzi wao haumo kitabuni, na wazee hao walipwe kama walimu. Ujuzi huo ukizikwa nao, hakuna meli itakayotuletea mwingine.

Tunajua kwamba vipo vipuri ambavyo havina budi kuagizwa, na fedha za kuvinunua zitengwe bila kusitasita. Ndiyo sababu zaidi ya kutozitumia kwa visivyohitajika. Gari la umma ni amana, na amana hulindwa kabla haijaharibika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa magari yetu mara nyingi ni waya mmoja wenye kutu. Viongozi wa idara na wasimamizi wa gereji watoke ofisini leo, wahesabu magari yaliyosimama uani, kisha waulize juu ya kila moja: nani amelipima?