PIKAPU YA KUBEBA MAGUNIA AU PIKAPU YA KUBEBA WAKUBWA?



Jumamosi tunakutana ghalani kuamua habari ya gari. Fedha ipo. Ni zile shilingi 50 za kila kilo tulizokatwa misimu minne mfululizo, mahindi na maharage, hata ule mwaka wa ukame ambao wengine wetu tulikatwa huku watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Kwa hiyo tusiseme ni fedha ya ushirika kana kwamba ushirika ni mtu fulani anayekaa mjini. Ni jasho letu.

Sasa kamati imeleta pendekezo. Inataka dabo kabini mpya, milango minne, viti vya ngozi, na kioo cha kugusa kwa kidole cha kumwonyesha dereva njia. Njia ipi, ndugu zangu? Njia ya kwenda sokoni ni moja, na mvua ikinyesha hata hiyo moja haipo.

Sisi tunasema hapana. Tunasema kwa maandishi, kwa mwandiko huu huu tulioupata kwenye kisomo cha watu wazima, ili kesho asiwepo wa kudai kwamba tulinyamaza.

Mwezi uliopita gari la namna hiyo lilikuja hapa na wageni. Wageni walipokuwa wanakunywa chai tulimwomba dereva, akakubali, tukapima bodi kwa futi kamba ya fundi seremala. Urefu mita moja na nusu, basi. Tukaleta magunia ya kilo 100, ya haki, siyo lumbesa. Tabaka moja linaingia magunia mawili. La tatu na la nne yakapita ukingo wa bodi. La tano na la sita tukayafunga kamba. La saba likakaa juu kama jogoo kwenye paa, dereva mwenyewe akasema jamani yatosha. Watu walicheka, lakini tuliyoyaona hayakuwa ya kucheka. Gari lile halikushindwa na uzito, maana kwenye karatasi zake limeandikiwa karibu tani nzima. Limeshindwa na nafasi. Nafasi imeliwa na viti.

Toyota Hilux ya siku hizi, ukiichukua ya kabini moja, bodi yake ina karibu mita 2.3. Tabaka moja magunia manne. Magunia kumi yanakaa matabaka mawili na nusu, unafunga turubai, unaondoka. Kiwanda kile kile, jina lile lile. Tofauti ni mlango wa nyuma na nani anaingia kwa mlango huo.

Wapo watakaosema kwamba dunia nzima imehamia kwenye dabo kabini, je, sisi ni nani? Tuliuliza. Kijana wetu mmoja anayesomea ufundi wa magari alitusaidia kusoma habari hizi, na sisi tunawapa kama tulivyozipata. Ford ya Marekani ilianza kuuza pikapu ya kiwandani mwaka 1925, gari la mkulima, kiti kimoja mbele na sanduku nyuma. Hilux ilianza mwaka 1968, nayo vivyo hivyo. Wazee wanaikumbuka Pijo 404 na Landrova, magari yaliyokuwa yanaingia bondeni asubuhi na kutoka jioni yamejaa. Leo huko Marekani pikapu ya Ford inayoitwa F-150 imekuwa ndefu kama nyumba, milango minne, na nyingi zina bodi ya futi tano na nusu tu. Landrova ya zamani, iliyozaliwa mwaka 1948, iliachwa kutengenezwa Januari 2016. Jina lake la Defender limerudishwa kwenye gari la fahari lisilo na bodi kabisa.

Tena kuna kisa cha kuku. Mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, kwa sababu ya ugomvi na nchi za Ulaya zilizowatoza ushuru kuku wao. Ugomvi wa kuku ulikwisha, ushuru wa malori ukabaki hadi leo! Basi pikapu ndogo za nje zikawa adimu huko, na wenye viwanda wao wakaendelea kunenepesha zao. Na sasa wapo wakulima wa Marekani wanaoagiza Japani pikapu ndogo zilizokwisha miaka 25, maana sheria yao inaruhusu gari la umri huo. Gari lenyewe ni lipi? Ni hii hii kirikuu inayopita hapa dukani kila siku. Injini yake haizidi sisi 660, lakini bodi yake inakaribia mita 1.9, inaishinda ile F-150. Hatusemi tununue kirikuu. Uzito wake halali ni kilo 350, na mnajua wenyewe watu wanavyoipakia, ndiyo maana tunaikuta imelala ubavu pale mlimani. Tunasema tu kwamba anayetuambia tufuate dunia, kwanza aitazame dunia yenyewe. Hata Toyota mwaka 2023 huko Thailand walitoa Hilux Champ, pikapu nyepesi isiyo na makuu, ya kazi. Wametambua kwamba bado kuna watu wenye mizigo.

Sasa habari ya matengenezo. Msimu wa juzi tulikodi dabo kabini ya mradi mmoja ipeleke maharage. Mnakumbuka. Njiani, kabla ya daraja, taa ya njano iliwaka mbele ya dereva na gari likakataa mwendo, likatambaa kama kinyonga. Fundi wetu alifika na spana zake, akafungua, akafunga, akasema humu hakuna ninachokiona. Ilitakiwa komputa ya kulisomea ugonjwa, na komputa iko mjini. Siku nne maharage yalikaa pale chini ya turubai lililotoboka, mvua ikanyesha, yakaota. Mama mmoja mjane wa kitongoji cha juu alikuwa na magunia matatu mle. Hakuna aliyemlipa mpaka leo, na sisi tukikutana naye kisimani tunatazama chini.

Hatuna ugomvi na elimu. Tunakubali kwamba injini mpya ya lita 2.8 yenye tabo inavuta kuliko ile kubwa ya lita 4.2 ya Land Cruiser isiyo na tabo, tena kwa mafuta kidogo. Breki zake ni bora. Lakini ile ya 4.2, pampu yake ya dizeli haiamrishwi na komputa. Fundi wetu ameifungua na kuifunga mara nyingi chini ya mwembe. Mashine mpya inataka dizeli safi na fundi mwenye vyombo. Sisi tunanunua dizeli ya madumu. Hapo ndipo kazi inapolala.

Hoja moja ya kamati ni nzito na hatuichezei, nayo ni wagonjwa. Mwaka jana mzazi alipelekwa hospitali usiku kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na mama mkwe. Aliyeliona lile hawezi kusema viti si kitu. Kwa hiyo tunajibu kwa adabu. Mgonjwa wa kukaa atakaa kabini moja karibu na dereva, na mtu wa kumshika. Mgonjwa wa kulala halali kwenye kiti cha nyuma cha dabo kabini akanyoosha miguu, wala hapaswi kurushwarushwa kwenye bodi. Huyo anataka gari la wagonjwa, na ombi la gari hilo lipelekwe wilayani, tutalitia sahihi sote. Tusilifiche ndani ya gari la magunia.

Maana tunajua viti vile vitakaliwa na nani. Vitakaliwa na wanaokwenda semina. Zamani watu wa namna hiyo tuliwaita wabenzi, siku hizi wamepanda pikapu ili waonekane wakulima.

Sisi tunapendekeza kabini moja, bodi ndefu, injini ambayo fundi wetu ameiona na kukubali kabla ya fedha kutoka. Tukishindwa kwa kura tutakubali, ndiyo ushirika. Ila tutaomba jambo moja: ufunguo akae nao mtunza ghala, na daftari la safari libandikwe hapa ukutani kila Jumatatu, kila safari, nani alipanda na nini kilipakiwa.

Mkutano ni saa nne asubuhi. Akina mama waliokatwa kilo kwa jina la mume waje nao, wana haki ya kusema. Futi kamba iko kwa mtunza ghala, asiyeamini vipimo vyetu akaichukue.

Katibu wa Tawi