Heaven's Gate na Kosa la Kumtawaza Mwelekezi

Imekuwa ada katika uhakiki wa filamu, hasa tangu filamu ianze kufundishwa katika idara za fasihi, kumzungumzia mwelekezi jinsi tunavyomzungumzia mtunzi wa riwaya au malenga. Husemwa kwamba filamu ni yake, maono ni yake, na kwamba yeyote anayemwekea mpaka, awe mtayarishaji, mhasibu au mwenye fedha, ni adui wa sanaa. Makala haya yanakusudia kuipinga kauli hiyo bila kumung'unya maneno. Si kosa la nadharia tu. Ni kosa ambalo limekwisha kulipiwa, na malipo yake yanaweza kuhesabiwa.

Mfano tutakaoutumia ni Heaven's Gate, filamu ya Michael Cimino iliyotolewa na kampuni ya United Artists nchini Marekani mwaka wa 1980. Tumeuchagua kwa kuwa habari zake zinajulikana kwa kina kisicho cha kawaida: Steven Bach, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo wakati huo, aliziandika katika kitabu chake Final Cut kilichochapishwa mwaka wa 1985. Tumeuchagua pia kwa kuwa tangu filamu hiyo ifanyiwe ukarabati na kuonyeshwa upya katika tamasha la Venice mwaka wa 2012, wamezuka wahakiki wanaodai kwamba historia imemsafisha Cimino, na kwamba waliolalamika kuhusu fedha walikuwa wachuuzi wasiojua uzuri. Dai hilo limeanza kurudiwa katika semina zetu kana kwamba ni jambo lililothibitishwa.

Hebu tutazame mambo yalivyokuwa. Mnamo Januari 1978, viongozi wakuu wa United Artists, wakiongozwa na Arthur Krim, walijiuzulu kwa pamoja baada ya kuzozana na Transamerica, shirika la bima lililokuwa limeinunua kampuni hiyo mwaka wa 1967, wakaenda kuunda kampuni ya Orion. Waliochukua nafasi zao walikuwa na haja kubwa ya kuuonyesha ulimwengu wa sinema kwamba wao pia wanaaminiwa na wasanii. Ikumbukwe kwamba United Artists ilianzishwa mwaka wa 1919 na wasanii wenyewe, akiwemo Charlie Chaplin, na sifa yake yote ilitokana na kuwapa wasanii nafasi. Katika hali hiyo akatokea Cimino. Filamu yake The Deer Hunter, ya mwaka wa 1978, ilipata tuzo tano za Oscar mnamo Aprili 1979, ikiwemo ya filamu bora na ya mwelekezi bora. Siku chache baadaye upigaji picha wa Heaven's Gate ukaanza katika jimbo la Montana.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Cimino hakulitia maji. Yeye aliukata mnazi wenyewe. Bajeti iliyoidhinishwa ilikuwa takriban dola milioni 11.6. Baada ya siku sita za kwanza za kazi, ratiba ilikuwa imechelewa kwa siku tano. Huhitaji kuwa mhasibu kuelewa maana yake. Tukio moja lilirudiwa mara nyingi kupita kiasi, na kufikia mwisho futi zaidi ya milioni moja za filamu zilikuwa zimepigwa, yaani saa zaidi ya 200 za picha kwa ajili ya hadithi iliyopaswa kutazamwa jioni moja. Mifereji ilitandazwa chini ya uwanja wa mapigano ili majani yawe ya kijani kabla hayajakanyagwa na kulowa damu. Husimuliwa pia kwamba barabara ya mji uliojengwa kwa ajili ya filamu ilionekana kwake kuwa nyembamba, akaagiza ipanuliwe kwa futi sita. Aliposhauriwa kwamba ingekuwa rahisi kubomoa upande mmoja na kuusogeza futi hizo sita, alikataa; pande zote mbili zilibomolewa, kila mmoja ukasogezwa futi tatu. Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi kama kichekesho. Sisi hatukioni hivyo. Kinatuonyesha mtu ambaye hakuna yeyote aliye na mamlaka ya kumwuliza: kwa nini?

Na mamlaka hayo hayakupotea kwa bahati mbaya. Yalitolewa kwa maandishi. Kwa mujibu wa Bach, mkataba ulikuwa na kifungu kilichoeleza kwamba gharama zitakazotokana na juhudi za kuikamilisha filamu kabla ya Krismasi ya 1979 hazitahesabiwa kuwa zimevuka bajeti. Tafakari, msomaji, maana ya kifungu hiki. Mwelekezi aliahidi kuharakisha, na kwa ahadi hiyo akapewa ruhusa ya kutumia bila hesabu, kisha hakuharakisha. Krismasi hiyo ilipita. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza mjini New York mnamo Novemba 1980, ikiwa na urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu, na gharama, pamoja na za kuitangaza, zilikadiriwa kuwa dola milioni 44. Mhakiki wa gazeti la New York Times aliisasambua bila huruma. Baada ya wiki moja iliondolewa, ikakatwa hadi dakika 149, ikarudishwa mwaka wa 1981, na watazamaji hawakuja. Mapato yake ya Marekani yalikuwa takriban dola milioni 3.5. Mwaka huohuo Transamerica iliiuza United Artists kwa MGM.

Haitoshi kusema kwamba Cimino alikuwa na tamaa. Kila msanii mkubwa ana tamaa, na sinema isiyo na tamaa ni sinema ya matangazo ya sabuni. Swali letu ni lipi lililoifanya tamaa hii ikose breki, na hapo hatuna budi kuwatazama wahakiki wenyewe. Mwaka wa 1954 François Truffaut aliandika katika jarida la Cahiers du cinéma makala yaliyowashambulia waandishi wa miswada wa Ufaransa na kuwainua waelekezi wachache kuwa ndio watunzi halisi wa filamu. Mwaka wa 1962 Andrew Sarris aliihamishia fikra hiyo Marekani na kuipa sura ya nadharia. Mwanzoni nadharia hiyo ilikuwa na faida: iliwafanya watu wazitazame kwa makini filamu za wakati huo zilizodharauliwa. Lakini palipotakiwa njia ya kusoma pakawekwa cheo. Kufikia miaka ya sabini, mwelekezi aliyepata tuzo alichukuliwa kuwa mtu asiyekosea, na wakuu wa makampuni, ambao nao walikuwa wakisoma magazeti, waliogopa kuitwa wakandamizaji wa vipaji. Pauline Kael alionya mapema, mwaka wa 1963, alipombishia Sarris waziwazi. Alipuuzwa na wengi. Wakati huo haikuonekana kwamba mjadala wa wahakiki ungeweza kuishia katika daftari za benki.

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa: mbona Apocalypse Now? Filamu hiyo ya Francis Ford Coppola, yenye mizizi katika Heart of Darkness ya Joseph Conrad inayojulikana sana na wanafunzi wetu, nayo ilivuka bajeti na ratiba vibaya. Kimbunga kilibomoa mandhari yake nchini Ufilipino mwaka wa 1976, mwigizaji wake mkuu alipatwa na mshtuko wa moyo, na gharama zikapanda hadi dola zipatazo milioni 31. Tena ilisambazwa nchini Marekani na United Artists hiyohiyo mwaka wa 1979, ikashiriki tuzo kuu ya Cannes, na ikapata faida. Je, si dhahiri kwamba tamaa isiyo na mipaka huzaa kazi bora?

La hasha. Mfano huu unawageuka wanaoutumia. Coppola alilazimika kuweka rehani mali yake mwenyewe ili kugharimia ziada. Kila siku ya ziada ilikuwa deni juu ya kichwa chake. Hakuwa mtu asiye na mpaka. Alikuwa na mpaka mkali kuliko wote, nao ulikaa nyumbani kwake. Cimino alitumia fedha za watu ambao hakuwa na wajibu wa kuwajibu, chini ya mkataba uliomkinga, na mtayarishaji wa filamu alikuwa mshirika wake wa karibu. Kwa hiyo tofauti iliyopo baina ya filamu hizi mbili haiko katika ukubwa wa maono. Iko katika swali la nani atakayelipa.

Jibu la pili ni zito zaidi, nasi tunalichukulia kwa uzito. Litasema kwamba Heaven's Gate ni filamu nzuri. Ni kweli kwamba picha za Vilmos Zsigmond ni za kupendeza: vumbi linalopenyezwa na nuru, watu wakicheza dansi kwa viatu vya magurudumu katika ukumbi wa mbao. Anayekana hilo hajaitazama. (Tutambue kwamba tunapoisifu nuru hiyo tunamsifu Zsigmond, si Cimino peke yake, na hapo tayari nadharia ya mtunzi mmoja inayumba.) Lakini uzuri wa picha si ushahidi kwamba kazi imetimia. Filamu hii inahusu vita vya wilaya ya Johnson, jimboni Wyoming, mwaka wa 1892, ambapo matajiri wa ng'ombe waliwakodi watu wenye bunduki ili kuwaua wakulima wadogo na wahamiaji. Katika filamu pana orodha ya watu 125 waliokusudiwa kuuawa. Hayo ni maudhui mazito: mali inayojitungia sheria yake. Ila Ella Watson na Jim Averell wa historia walinyongwa mwaka wa 1889, miaka mitatu kabla ya vita hivyo, na vita vyenyewe viliua watu wachache sana kuliko tunaoonyeshwa wakianguka. Msanii ana uhuru wa kuigeuza historia. Hatumlaumu kwa hilo. Tunamlaumu kwa kuwa uhuru huo hautumiki kuujenga mgogoro. Kila tukio linavimba. Sherehe ya mahafali ya Harvard, iliyopigwa Oxford kwa gharama ya ziada, inaendelea hadi mtazamaji asahau kwa nini yuko pale, na wahusika wanapokutana na kifo baadaye hatuwajui vya kutosha kuwalilia. Fani imeyameza maudhui. Hili ni kosa la utunzi, na lina asili ileile na kosa la bajeti: hapakuwa na mtu wa kusema kwamba imetosha.

Kuna kinaya kingine ambacho wasifu wake hawakigusi. Filamu inayowashutumu mabwana wanaotumia mali bila kuhojiwa ilitengenezwa na bwana aliyetumia mali bila kuhojiwa. Hata wanyama hawakunusurika: malalamiko kuhusu jinsi farasi na mifugo walivyotendewa yalichangia shirika la kutetea wanyama kupewa mamlaka ya kusimamia upigaji wa filamu katika sekta nzima. Farasi walipata msimamizi. Waelekezi wachanga walipata kitu kingine, yaani makampuni yaliyoogopa na kuufunga mlango ambao kizazi cha miaka ya sabini kilikuwa kimefunguliwa.

Hatari ya makala kama haya ni kwamba yanaweza kunukuliwa na wale wanaopenda kalamu na kamera zifungwe. Kwa hiyo tupambanue. Katika Kamirithu, mwaka wa 1977, mswada wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulipelekwa mbele ya wanakijiji. Wakulima na wafanyakazi waliusahihisha: walikosoa lugha isiyolingana na umri wa mhusika, wakaongeza waliyoyaishi. Mazoezi yalifanyika hadharani na kila mpita njia alikuwa na la kusema. Huo ni mpaka, na tamthilia ilistawi ndani yake. Kisha Novemba ya mwaka huohuo serikali ikafuta kibali cha kuionyesha, na mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Huo ni udhibiti. Mpaka wa kwanza hutoka kwa wale wanaoshiriki kazi na wanaotaka ikamilike. Wa pili hutoka kwa wale wanaotaka isiwepo. Mhakiki asiyeweza kuvitofautisha viwili hivi atamtetea Cimino akidhani anamtetea Ngũgĩ.

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba sinema ya Afrika Mashariki itakomaa siku atakapopatikana mwelekezi mmoja mwenye kipawa na kupewa fedha nyingi na uhuru kamili. Fedha tunazitaka, na uhuru tunautaka. Neno "kamili" ndilo tunalolikataa, na tunalikataa zaidi pale ambapo fedha zenyewe zingekuwa za umma.

Vilevile tunataka tasnifu za filamu katika idara zetu ziandikwe kwa namna nyingine. Mtahiniwa anayechambua filamu kwa kuorodhesha "mbinu za mwelekezi" pasipo kutaja aliyeandika mswada, aliyeshika kamera na aliyehariri, aulizwe amezipata wapi mbinu hizo na nani alizitekeleza. Na palipo na mkataba au bajeti iliyochapishwa, kama ilivyo katika kitabu cha Bach, aisome pamoja na mswada, kwa makini yaleyale anayoyapa mazungumzo ya wahusika.