Swali Lisilo na Jibu Liingie Darasani

Sisi tunaosomea ualimu wa hisabati tuna ugonjwa mmoja: tunaamini kila swali la kitabuni lina jibu, na jibu liko kurasa za mwisho. Ndiyo maana tunakesha na madesa, tunakariri kanuni, UE ikipita tumesahau. Mimi nasema hivi: kabla hatujaenda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja awe na angalau swali moja ambalo hata maprofesa hawajalijibu, na awe tayari kuingia nalo darasani.

Langu ni hili. Chukua 10. Tafuta namba kuanzia 1 hadi 10 ambazo KKS yake na 10 ni 1. Utapata 1, 3, 7 na 9, yaani nne tu. Idadi hiyo inaitwa totienti ya 10, na Leonhard Euler aliichunguza tangu karne ya 18. Fanya hivyo kwa 1 mpaka 12, unapata mfuatano huu: 1, 1, 2, 2, 4, 2, 6, 4, 6, 4, 10, 4. Kompyuta haihitajiki. Ni chaki na KKS ya shule ya msingi.

Sasa utazame vizuri. 4 imetokea kwa 5, 8, 10 na 12. 10 imetokea mara moja, kwa 11, lakini ukiendelea hadi 22 utaikuta tena. 14 haitokei kamwe, hata uhesabu mpaka uzeeke. Je, ipo totienti inayotokea mara moja tu kwenye mfuatano wote?

Mwaka 1907, Mmarekani Robert Carmichael alitangaza kwamba amethibitisha haipo. Baadaye akaliweka kitabuni kwake kama zoezi la wanafunzi! Mwaka 1922 akakiri kuwa uthibitisho wake una kasoro. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha wala kukanusha. Mwaka 1998 Kevin Ford alionesha kuwa kama ipo namba ambayo totienti yake haijirudii, basi namba hiyo ina tarakimu zaidi ya bilioni 10.

Najua mtaniambia silabasi ni ndefu, darasa limejaa, na mtihani wa taifa hauulizi mambo hayo. Kweli. Lakini mwanafunzi aliyetafuta totienti za 1 hadi 30 amefanya KKS mamia ya mara bila kulazimishwa, na hiyo mtihani unaiuliza. Zaidi ya hapo, amemsikia mwalimu akisema "sijui, na hakuna anayejua" bila aibu. Mwalimu anayeogopa neno hilo ndiye anayemkalisha chini mtoto mwenye swali gumu, na mtoto huyo harudii tena kunyoosha mkono.

Kwa hiyo idara zetu za ualimu ziongeze kipengele kimoja kwenye andalio la somo: swali ambalo bado liko wazi, dakika kumi za mwisho, hata mara moja kwa wiki. Nasi tusisubiri idara. Mwenye swali lake alilete, tubadilishane kabla hatujapangiwa shule.