Kujinyima Gani Huko?
Mwandishi anayewasifu wajumbe wa baraza la juu la bunge la Queensland, jimbo la Australia, kwa kupiga kura ya kulifuta baraza lao wenyewe mwaka 1921 ametupiga changa la macho. Kujinyima gani? Wale hawakuchaguliwa na wananchi; waliteuliwa na serikali, tena kwa maisha yao yote. Mwaka 1920 serikali ya Edward Theodore, wa chama cha Labor, iliingiza wapya 14 kwa mkupuo, kazi yao kulizika baraza. Wakapachikwa jina: kikosi cha kujiua. Aliyepewa kiti ili akivunje kapoteza nini? Ni kweli baraza lilikuwa likikwamisha miswada. Lakini wananchi waliulizwa kwenye kura ya maoni ya 1917, wakakataa kulifuta. Hilo mwandishi kaliruka kama dimbwi la matope.