AFYEKE KWANZA ANAYETOZA FAINI



Sisi tuliotoka kisiwani tukafungua duka Madibira, katika Wilaya ya Mbarali, tumejifunza jambo ambalo kwetu, penye unyevu wa bahari, si jepesi kulijua: ya kwamba jani likikauka ni adui. Mvua hapa hukoma kwenye Mei. Mpunga huvunwa, nyasi hugeuka rangi, kisha huja miezi ya upepo. Wakati huo cheche ya jiko, au rundo la pumba linalofuka kimya kimya nyuma ya mashine ya kukobolea, yatosha kuteketeza nyumba ya nyasi na ghala la mpunga.

Kwa hiyo amri ya kufyeka hatuipingi. Kinachotuuma ni namna inavyotumiwa. Mwaka mmoja tulifyeka uwanja wa duka letu hatua 10 kila upande, mpaka udongo ukaonekana. Akaja mkaguzi, akakuta lundo la majani hatujalichukua, akatutoza faini. Tukalipa, kwani majani yaliyokatwa yakaachwa hukauka upesi kuliko yaliyosimama. Hapo alikuwa na haki. Lakini ng'ambo ya njia, katika uwanja wa ofisi iliyomtuma, nyasi zilifika kiunoni. Oktoba moto ukatoka huko huko, ukavuka njia, ukala banda letu na magunia 14 ya mpunga, na nyumba ya bibi mmoja mjane, jirani yetu. Habari ya faini hatukuisikia tena.

Tulipokuwa chuoni tulifunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Mwalimu wetu hakutuambia kwamba mwenye cheo amesamehewa.

Wala sheria haikumsamehe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kabla ya mtu kuchoma majani porini, na haikusema mtu gani. Na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na Mkutano Mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti, kisha zikapitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mlango u wazi. Kwa nini basi tungoje amri iliyoandikwa mbali na moto?

Twataka mambo matatu. La kwanza, kufyeka kuwe Mei na Juni, majani yangali na umajimaji, kwa panga na jembe, si kwa kiberiti. Na yaliyofyekwa yaondolewe. La pili, pasipo mwenyewe, yaani kando ya mifereji, njiani na mipakani mwa pori, patajwe ofisi itakayopafyeka na siku ya mwisho ya kazi hiyo. La tatu, ofisi isiyofyeka itozwe kama anavyotozwa mwenye duka, na hesabu ya faini isomwe mkutanoni mbele ya watu.

Nanyi mlio visiwani, msiseme haya ni ya bara. Mchele wa Mbeya mwaupika, na ghala likiungua huku, bei hupanda huko.

Serikali itakayo kutiiwa, nayo na itii. Moto hauulizi kiwanja hiki ni cha nani.

Hayo ndiyo maoni yetu.