Walimu, tuache kuwatishia watoto gereji

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani kuna mwalimu ambaye hajapata kuiandika methali hiyo ubaoni. Hata mimi, ingawa somo langu ni Kemia, nimeitamka mara nyingi mbele ya wanafunzi. Hata hivyo, niliuacha ufa wangu mwenyewe kwa miaka kumi na minne, na mwaka uliopita nikalazimika kuujenga ukuta.

Ufa huo ulikuwa katika pikapu aina ya Peugeot 404 ambayo marehemu baba aliinunua mwaka wa 1977. Wakulima wa kahawa wa Kirinyaga hawajausahau mwaka huo. Baridi kali ilikuwa imeiteketeza mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya akashika fedha ambazo hakuwa amewahi kuzishika. Kuna waliojenga nyumba za mawe. Baba alinunua gari. Aliichagua 404 kwa sababu aina hiyo ilikuwa imeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, katika matope kama haya yetu. Pikapu hiyo ilibeba kahawa, ikabeba wagonjwa na maharusi, na ndiyo iliyolipa karo yangu.

Baba alipofariki, niliiegesha chini ya mparachichi nikaisahau. Majani yaliziba vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango, maji ya mvua yakatuama ndani, na kutu ikaanza kazi yake. Wanafunzi wangu hupenda kufanya mzaha kwamba mji wa Kutus umejaa kutu. Siku nilipoifikisha pikapu yangu mjini humo ikivutwa kwa kamba, mzaha huo ulinigeukia.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliahidi kuikamilisha kwa siku tatu. Angeyajaza matundu kwa pati, apige msasa, apulize rangi, nami niondoke na gari linalong'aa. Fundi wa pili, mzee wa makamo yaliyopita, hakuahidi kitu. Alichukua bisibisi akaidunga sakafu ya gari, nayo ikazama kama katika muhogo uliopikwa. Akaniambia, "Mwalimu, kutu ni kama deni. Ukilifunika, linazaa." Nilimwachia kazi yeye, nayo ikachukua miezi mitano.

Nilikwenda pale kila Jumamosi, na naungama kwamba nilijifunza. Alianza kwa kukata. Kila bati lililooza aliliondoa hadi akafikia chuma kizima. Akapima pengo, akakata bati jipya lenye unene wa takriban milimita moja, akaligonga juu ya fuawe hadi likafuata mviringo wa madigadi. Alipolehemu, hakufuata mstari mmoja mfululizo. Alishika nukta hapa, akaruka, akashika nukta nyingine kule, kwa kuwa bati jembamba likipata joto mahali pamoja hutanuka na kujikunja. Palipokuwa pamelegea kwa kugongwa mno, alipasha moto doa dogo hadi likawa jekundu, kisha akalipoza kwa kitambaa chenye maji, bati likajikaza. Viti navyo vilivikwa upya na mama mmoja mwenye cherehani, ambaye aliifumua mishono ya kitambaa cha zamani kipande kwa kipande ili kila kimoja kiwe kielelezo cha kipya.

Msomaji mpenzi, hayo yote yamo katika vitabu tunavyofundishia. Kutanuka kwa metali kwa joto ni Fizikia. Kulikunjua umbo la mviringo likawa bati bapa ni Jiometri. Chuma kuungana na oksijeni penye maji ni Kemia yangu mwenyewe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu huiinua rangi na kuibandua. Pati hufyonza unyevu, hivyo ikipakwa juu ya kutu huushikilia unyevu huo pale pale. Nimelifundisha somo la kutu kwa msumari uliotiwa katika chupa ya maji kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka yote hiyo sikupata kumpeleka mwanafunzi hata mmoja Kutus akaone.

Nilikuwa na sababu ya kutompeleka, nayo ndiyo inayonifanya niandike leo. Aliyekuwa akilishika bati upande wa pili alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alininyoshea kifundo cha mkono, maana kiganja kilikuwa kimejaa grisi, akaniita Mwalimu. Sikumtambua. Alinikumbusha dawati alilokalia. Kisha akanikumbusha, bila kinyongo chochote, maneno niliyomwambia siku nilipokuwa nikirudisha karatasi za mtihani: "Wewe utaishia kugonga mabati Kutus." Darasa zima lilicheka. Mimi pia, nakumbuka sasa, nilicheka.

Nilimwuliza kama amefanya jaribio la ufundi la serikali, lile linaloanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Alijibu kwamba mitihani si ya watu kama yeye. Imani hiyo hakuipata kwa mzee yule. Aliipata kwangu.

Ni walimu wangapi kati yetu wanaoitumia gereji kama kiboko? Tunamwambia mtoto asiyeweza hesabu kwamba jua kali linamngoja, kana kwamba hesabu haihitajiki huko. Kisha tunashangaa kwa nini fundi mzee hapati mwanagenzi wa kumrithi, na kwa nini wengi wanaokuja kwake huja wakiwa wameshavunjika moyo.

Taifa limejua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliozuru Kenya walieleza kwamba kazi hizi ndogo ndogo zina tija na zinastahili kusaidiwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, masomo ya ufundi yalipewa uzito mkubwa, kisha yakapunguzwa baadaye. Mwaka wa 1992 serikali ilitoa waraka rasmi kuhusu biashara ndogo na jua kali. Hapa Kutus penyewe, Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, kilichipuka kutoka kwa taasisi ya ufundi. Nafurahi kwamba tuna chuo kikuu. Nauliza tu kama tulipokipandisha hadhi hatukuwafundisha watoto kwamba ufundi ni ngazi ya kukanyagwa tu.

Sisemi kwamba gereji ni pepo. Nimeona vijana wakilehemu bila miwani ya kukinga macho na wakipuliza rangi bila kitambaa puani. Wala sisemi mtoto aiache shule akafuate shilingi za haraka. Nasema kinyume chake: shule iifuate gereji. Mwalimu wa sayansi na awapeleke wanafunzi wake kwa fundi siku moja tu katika muhula, amlipe fundi muda wake, na amwache yeye aongoze somo. Mkuu wa shule na amwalike fundi siku ya kutuza wanafunzi, aketi jukwaani pamoja na wageni wengine. Nanyi wanafunzi, mkimwona mtu mwenye nyundo, mwulizeni ni kwa nini anagonga pale na si hapa. Jibu lake litawafaa katika mtihani.

Pikapu ya baba imerudi nyumbani, rangi yake ikiwa ile ile ya krimu. Mlango wa kushoto hufungika kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kijana yule ndiye aliyeutengeneza. Amejiandikisha kwa jaribio la daraja la tatu, na ada nimelipa mimi. Alipotaka kunishukuru nilimzuia. Nilikuwa na deni kwake, nalo nilikuwa nimelifunika kwa miaka mingi.