Wati za Kwenye Boksi Haziingii Sebuleni

Katika maduka ya elektroniki ya Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, sauti huuzwa kwa macho. Sabufa zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini, na kila boksi lina namba kubwa kuliko hata jina la mtengenezaji: 8,000, 10,000, 12,000, na kando yake herufi nne, PMPO. Mteja aliyevuka kutoka Tororo kutafuta mtambo wa sinema wa nyumbani hukutana na swali moja kabla hajauliza lolote: "Boss, unataka ya wati ngapi?" Swali hilo limesimama juu ya imani iliyoenea pande zote mbili za mpaka, kwamba wati zikiwa nyingi sauti itakuwa nzuri. Imani hiyo ni potofu, na imewalia watu pesa kwa miaka mingi.

Mita ya umeme inatosha kuibomoa. Wati 12,000 ni kilowati 12, na mtambo unaokula kilowati 12 kwa saa moja unamaliza yuniti 12. Filamu ya saa mbili ingekula yuniti 24. Anayenunua tokeni za Kenya Power, au anayelipia umeme wa Yaka kule Tororo, anajua yuniti 24 ni matumizi ya siku ngapi nyumbani kwake. Isitoshe, plagi ya pini tatu inayotumika nchi zote mbili ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa volti 240, hiyo ni wati 3,120 na basi. Wati 12,000 zingehitaji ampea 50, karibu mara nne ya kiasi hicho. Fyuzi ingekatika kabla filamu haijaanza.

Ukweli umebandikwa nyuma ya mtambo wenyewe. Geuza sabufa yoyote, tafuta kibamba kidogo karibu na mahali waya wa umeme unapoingia, usome: volti 220 hadi 240, hezi 50, halafu wati 40, 60, pengine 80. Hicho ndicho kiasi cha umeme kinachoingia. Hakuna amplifaya inayotoa nguvu zaidi kuliko inayopokea; zile za aina ya zamani, AB, hupoteza karibu nusu kwa joto, na zile za aina ya D hufikia asilimia 90 hivi. Mtambo mmoja basi una namba mbili, elfu kadhaa mbele na makumi nyuma, na mteja huoneshwa ya mbele peke yake.

PMPO haina kipimo kinachotambuliwa na shirika lolote la viwango. Kila kiwanda hukokotoa kivyake: kinachukua nguvu ambayo mtambo ungeweza kuitoa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kinazidisha kwa idadi ya spika, kisha kinaandika jibu linalopendeza. Marekani ilipambana na mchezo wa namna hii zamani. Mwaka 1974 tume yake ya biashara, FTC, iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, na mwaka 2024 ikaikaza: nguvu ipimwe kwa spika ya omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na mkwaruzo usifike asilimia 1.

Hata kampuni inayoandika ukweli inahitaji kusomwa kwa makini. Sony STR-DH590, risiva (amplifaya ya sinema ya nyumbani) ya bei nafuu iliyotoka mwaka 2018, hutangazwa kwa wati 145 kwa chaneli. Namba hiyo imepimwa chaneli moja ikifanya kazi, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, na mkwaruzo wa asilimia 0.9. Chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kwa milio yote ya hezi 20 hadi 20,000 na mkwaruzo wa asilimia 0.09, risiva hiyohiyo ni ya wati 90. Namba zote mbili ni za kweli kwa sababu masharti yake yametajwa. Namba isiyo na masharti haimwambii mnunuzi kitu.

Sasa tuje kwenye sikio. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu anaisikia kwa shida. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara kumi. Spika ya kawaida hutoa desibeli 88 hivi kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, na mazungumzo ya watu wawili hayapiti sana desibeli 60. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha desibeli 80 kisizidi saa 40 kwa wiki. Kwenye sebule ya kawaida ya Busia, basi, familia hutazama filamu kwa wati moja au mbili, na wati 50 za kweli ni akiba ya kutosha kwa milipuko na ngoma.

Na familia hiyo inatazama nini? Hapa ndipo imani ya wati inapoumiza zaidi. Filamu zinazopendwa Tororo ni zile zilizosimuliwa na VJ, akina VJ Jingo na VJ Junior, ambao hutafsiri na kuchangamsha kwa Kiganda juu ya sauti ya filamu. Upande wa Kenya DJ Afro amejenga jina kwa kazi kama hiyo kwa Kiswahili. Utamu wa filamu hizo uko kwenye maneno. Mtazamaji akikosa sentensi moja ya VJ, amekosa kichekesho. Halafu anauziwa mtambo uliotengenezwa kutingisha madirisha, besi inafunika maneno, anaongeza sauti, na besi inaongezeka nayo.

Filamu hizo zinazonakiliwa kwenye flashi huwa, kwa kawaida, za chaneli mbili. Sabufa nyingi zinazoitwa "5.1" na zenye matundu mawili tu ya kuingizia sauti huchukua sauti ileile na kuisambaza kwenye spika zote tano. Risiva halisi hufanya kazi nyingine: huchuja yale yaliyo sawa kwenye chaneli zote mbili, ambayo mara nyingi ni maneno, ikayapeleka kwenye spika ya katikati, na hukuruhusu kuipandisha spika hiyo peke yake. VJ anasikika bila jirani kuamshwa.

Chumba nacho kina neno lake. Sebule ya mita 3.5 kwa 3.5, ya ukuta wa matofali na sakafu ya simenti, huvimbisha besi ya karibu hezi 49, tena pande mbili kwa mpigo kwa kuwa urefu na upana ni sawa. Sabufa ikisukumwa kwenye kona, uvimbe unazidi. Zulia, pazia zito na makochi ya kitambaa hupunguza mwangwi unaovuruga maneno. Kuitoa sabufa kwenye kona hupunguza mngurumo. Hakuna wati zinazoweza kufanya kazi hiyo.

Wapo watakaosema risiva ni ghali na sabufa ndiyo saizi ya mfuko. Ni kweli, na hakuna ubaya kununua sabufa. Ubaya ni kulipa zaidi kwa ile ya 12,000 kwa kudhani imeipita ile ya 8,000, ilhali vibamba vyote viwili vinasema wati 60. Mwenye baa kando ya barabara ya malori anahitaji nguvu kubwa kweli, naye pia atadanganywa na boksi hilohilo.

Mwenye bajeti ndogo aanze na risiva ya mtumba yenye afya na spika mbili nzuri, ya katikati ifuate baadaye. Asome kibamba: iliyotoka Uingereza ni ya volti 230 na itafanya kazi hapa, iliyotoka Marekani, ya volti 120, itaungua ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha. Ahakikishe ina HDMI yenye ARC, au tundu la optiko kama TV yake ni ya zamani, na kwamba omu za spika haziko chini ya zile zilizoandikwa nyuma ya risiva. Aende dukani na flashi yenye filamu ya VJ anayemjua, asimame mita tatu, asikilize kama kila neno linafika.

Lakini mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, maafisa wa nchi hizi mbili hukagua bidhaa chini ya paa moja. KEBS na UNBS, mashirika ya viwango ya Kenya na Uganda, yana uwezo wa kukubaliana sharti moja: boksi lolote la mtambo wa sauti lionyeshe nguvu iliyopimwa, omu, hezi na kiwango cha mkwaruzo, na PMPO ifutwe kabisa. Marekani iliandika kanuni yake zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mashirika haya mawili hayana sababu ya kuendelea kungoja.